Stesheni Wageni: Jinsi Tulivyolifuata Gari la Mama Dar es Salaam

Tangu shule ifunguliwe sijanywa chai kwa amani katika ofisi ya walimu. Kila mmoja wenu ana swali lake: jeneza lilikuwa la nani, ni kweli nilisimama madhabahuni Korogwe, na kwa nini wapagazi walionekana wakipandisha kinanda kwa machela huku watu wakivua kofia. Nimechoka kueleza vipandevipande. Naandika yote mara moja, msome, kisha mniache nisahihishe madaftari.

Mambo ya benki, leseni na mihuri nayaruka. Yaliniudhi wakati ule na yataniudhi tena nikiyaandika.

Nyumbani, Marangu

Ubishi ulikuwa ni gari gani. Siku hizi magari ya mtumba yanashuka bandarini kama vile viatu vya mtumba, na mtu mwenye ng'ombe watatu na mshahara wa ualimu naye anaanza kuota. Mke wangu, Mama Neema, alitaka pikapu. Majani ya ng'ombe tunayafuata tambarare huko chini, na kila Jumamosi kuna mikungu ya kupeleka sokoni Kiboriloni. "Gari lisilobeba majani," alisema, "hilo ni pambo, na mimi pambo ninalo la ukutani."

Mimi nilitaka kile kigari kifupi, cha mlango nyuma, ambacho kinaonekana kama kimekatwa mkia. Niliwaambia nyumbani kwamba kinakunywa mafuta kidogo. Ukweli ni kwamba nilishajiona nikishuka kutoka ndani yake mbele ya kanisa, nikifunga mlango kwa kidole kimoja.

Mama yangu mzazi alikuwa amekaa pembeni akitusikiliza. Tulipokwisha kubishana akasema, "Mimi sichagui gari. Nataka kumwona Ansila kabla mmoja wetu hajaondoka."

Ansila ni dada yake mkubwa, aliolewa Kibosho. Kutoka kwetu unashuka hadi Moshi, unapanda tena mlima upande wa pili. Mama alikuwa hajaenda huko miaka tisa, tangu alipoanguka kwenye mibuni na mguu wake wa kulia ukakataa kukunjika. Mguu ule umenyooka kama mpini wa jembe. Kwenye basi hauingii. Kwenye pikapu Mama mwenyewe haingii, kwa sababu anasema nyuma ya pikapu wanapanda mbuzi na ndizi, na yeye si kimojawapo.

Nilimwahidi kwamba Krismasi ile ingemkuta Kibosho. Niliahidi mbele ya mke wangu, kwa hiyo hapakuwa na njia ya kusahau.

Mwalimu ni mwalimu, nikatengeneza vipimo. Kijiti cha urefu wa mguu wa Mama, kutoka nyonga hadi kisigino. Kamba yenye mafundo mawili, ambayo ni unene wa mzigo wa majani aliouridhia Mama Neema. Na kopo letu la maziwa la lita ishirini, kwa sababu kopo halipimiki kwa kamba, linapimika kwa kuingia au kutoingia.

Kiboriloni na Pasua

Nilishuka Kiboriloni kwanza ili nipime mkungu mkubwa kuliko yote sokoni, nijue. Mama mmoja muuza ndizi akanitazama nikizungusha kamba.

"Na hicho kijiti kinapima nini, Mwalimu?"

"Mguu wa mama yangu."

Akaacha kupanga ndizi zake. "Pole baba. Wameukata lini?"

Nilimweleza kwamba mguu upo na mama yupo. Alinipa pole hata hivyo, na ndizi mbivu nne. Hizo pole ndizo zilikuwa za kwanza, nami sikujua zingenifuata hadi wapi.

Pasua, pale Moshi mjini, nilimchukua Fundi Deo. Deo ni fundi magari na dereva, mzaliwa wa Kibosho, na barabara za huko anazijua zote. Ana imani moja tu kuhusu magari ya mtumba: mtu asilitazame, alale ndani yake. "Ukilala ndani ya gari dakika kumi," aliniambia, "linakuambia kila kitu."

Nilidhani ni msemo wa kazi. Haukuwa msemo.

Moshi hadi Dar es Salaam

Safari ya kwenda ilikuwa ya kopo. Tulisafiri wakati Wachaga wote wa Dar wanarudi nyumbani kwa sikukuu, kwa hiyo basi letu la kushuka lilikuwa na nafasi tele na watu wachache wenye hamu ya kujua. Mzee wa kiti cha mbele aliniuliza maziwa nauza vipi. Nikasema kopo ni tupu. Akauliza kama yamekwisha. Nikasema hayakuwamo. Tulipofika Same akageuka tena na kuniuliza sasa napeleka nini Dar es Salaam.

"Kopo," nilimwambia.

Mombo tulikula nyama ya mbuzi na ugali. Mzee yule akanilipia soda, kwa huruma nadhani.

Yadi ya magari

Yadi ilikuwa nyuma ya ghala moja, jua kali, magari mamia yamepangwa. Muuzaji alikuwa kijana mtanashati mwenye miwani myeusi. Alianza na pikapu. Mimi nikafungua kabini ya mbele na kuingiza kijiti. Hakikuingia hata kwa mshazari. Kwa ajili ya kumtendea haki mke wangu, Deo alipanda nyuma, tukaweka kamba na kopo, vikaingia vyote na nafasi ikabaki ya kuchezea mpira. Nikaandika kwenye daftari: majani ndiyo, maziwa ndiyo, Mama hapana.

Kigari kifupi nilikizunguka mara tatu. Kilikuwa chekundu. Kijiti kiligonga kiti cha mbele, kopo lilikaa lakini mlango ukakataa kufunga, na kamba ya majani nilikuwa nimeisahau mfukoni kwa makusudi. Deo aliitoa mwenyewe. Nikaandika: hapana, hapana, hapana. Iliniuma, sifichi.

Ndipo muuzaji akasema, "Basi mzee wangu, wewe unachotaka ni stesheni wageni."

Ndivyo wanavyoita Dar ile "station wagon" ya Kizungu: gari refu la kijivu, lenye mgongo mrefu nyuma ya viti. Deo akavua viatu, akakunja viti vya nyuma upande mmoja, akaingia, akalala chali.

"Nyoosha wa kulia," nikamwambia. "Usiukunje. Wa kushoto unaweza kukunja kidogo, Mama anaukunja."

"Hivi?"

"Mama hana soksi zilizotoboka, lakini ndiyo, hivyo."

Nikampimia kijiti. Kikaenea, na nafasi ya kiganja ikabaki. Nikaweka kopo ubavuni pake, kamba juu ya kopo. Deo akafumba macho. Wateja wengine wakaanza kusogea. Muuzaji akavua miwani. Baada ya dakika kumi kamili Deo akafumbua macho na kusema, "Linavuja mafuta ya gia, na taa za mbele zina ugonjwa. Lakini Mama atalala vizuri."

Nilikwenda kupiga simu nyumbani. Simu ya karibu na kwetu ipo katika ofisi ya chama cha wakulima wa kahawa, na karani wake mnamjua kwa masikio yake. Laini ilikuwa inachemka. Nilipiga kelele: "Mwambie Mama, nimepata stesheni wageni! Krismasi!" Akajibu, "Nimeandika, Mwalimu," simu ikakatika.

Alikuwa ameandika kweli. Nilikuja kukiona kikaratasi chake baadaye.

Dar hadi Chalinze

Kabla hatujaondoka, Wakristo wenzetu wa nyumbani wanaoishi Dar walituletea mzigo wa kanisa: kinanda cha umeme cha kwaya, na miguu yake na spika mbili, vyote katika sanduku moja refu la mbao. Seremala alikuwa amelipiga varnishi na kuliwekea mishikio sita ya shaba, kwa sababu, alisema, ndiyo mishikio aliyokuwa nayo karakanani. Dada mmoja wa kwaya akalifunika shuka jeupe lisiingiwe na vumbi.

Sanduku lilizidi gari kwa kiganja. Mlango wa nyuma tukaufunga kwa kamba, na kwa kuwa sheria inataka mzigo uliochomoza uwekewe alama, Deo akafunga kitambaa chekundu. Na zile taa zenye ugonjwa ziliwaka zenyewe tulipotoka Ubungo, zikakataa kuzimika.

Sasa fikirini wenyewe. Gari refu linaelekea Kilimanjaro mchana kweupe, taa zinawaka, kitambaa chekundu, ndani sanduku lenye mishikio sita na shuka jeupe, na mbele wanaume wawili wamenuna kwa sababu wamegombana juu ya dirisha. Ni Mchaga gani asiyejua tunavyowarudisha wafu wetu nyumbani kwa barabara ile?

Chalinze askari alitusimamisha, akachungulia, akavua kofia.

"Poleni sana. Ni mzee?"

"Ni kinanda," Deo akasema.

"Mzee Kinanda," akarudia polepole, kwa heshima.

Nikaingilia. "Afande, ni kinanda cha kwaya."

"Alikuwa mwanakwaya," akasema, na macho yake yakalainika. "Nendeni taratibu."

Nilitaka kushuka nikamweleze. Deo akatia gia. "Mwalimu," akasema, "gari hili halina bima ya kueleza."

Chalinze hadi Korogwe

Magari yalitupisha. Malori yalitupisha. Kwenye genge la machungwa, mwanamke alikataa katakata kutuuzia, akatupa bure na kutuambia tujipe moyo. Mimi ni mzee wa kanisa. Kila chungwa nililomenya lilinikaa kooni, na bado nililimeza kwa sababu lilikuwa tamu. Deo hakuona tatizo lolote. Alisema watu wanatoa pole kwa hiari yao, na sisi kweli tuna shida, kwani klachi imeanza kuteleza.

Klachi ilikufa Korogwe, mchana wa mkesha wa Krismasi. Maduka ya vipuri yalikuwa yamefungwa hadi sikukuu ipite. Nilikaa kwenye jiwe kando ya gari na, ndugu zangu, nililia kidogo. Akilini nilimwona Mama amekaa kibarazani na kitenge chake kipya, ananyoosha shingo kila linaposikika gari.

Mwinjilisti wa kanisa la jirani akatukuta katika hali ile. Mwanamume mzima analia kando ya sanduku. Nani angeuliza zaidi? Alisema marehemu hawezi kukaa kwenye jua kali. Wazee wanne wakaja na kulibeba sanduku hadi kanisani. Nilisema, "Bwana Mwinjilisti, humo hamna mtu." Akanishika bega na kusema kwamba ndivyo ilivyo, mwili ni nyumba tu.

Asubuhi ya Krismasi kanisa lilijaa. Sanduku lilikuwa mbele, na mtu ameliwekea maua. Mwinjilisti akatangaza kwamba sikukuu ya mwaka ule ina furaha na huzuni pamoja, akaniita niseme machache juu ya marehemu.

Nilitembea hadi madhabahuni. Nikasema, "Wapendwa, naitwa Mwalimu Anaeli wa Marangu. Hili ni sanduku la kinanda. Nimelisema tangu Chalinze na hakuna aliyenisikia. Nisameheni, na machungwa nimeyala."

Deo, kule nyuma, alikuwa ameinamisha kichwa katikati ya magoti, na nilijua hasali. Kisha bibi mmoja wa mstari wa kwanza akauliza, "Kinalia?"

"Sijui, Bibi. Ni kipya."

"Basi kifunguliwe tukisikie."

Wakatafuta bisibisi, wakatafuta waya. Mke wa mwinjilisti alikaa, akabonyeza, na kikalia. Kanisa lile lilikuwa halina kinanda. Waliimba hadi saa nane, nyimbo zote za kitabu kasoro zile za maziko. Baadaye tulilishwa wali na kuku, na mimi mtumishi wa Bwana nikaweza kumeza bila kukabwa.

Ningekuwa nimefurahi kabisa, isipokuwa ilikuwa Krismasi, na Mama hakuwa Kibosho.

Korogwe hadi Himo

Klachi ilipatikana siku ya pili baada ya Krismasi, asubuhi na mapema. Deo aliendesha bila maneno. Kitambaa tulikiacha kwa sababu sheria ni sheria, na taa zilibaki zimewaka kwa sababu zao zenyewe. Same na Mwanga watu walisimama kando ya barabara tukipita. Nilipunga mkono, jambo ambalo, Deo aliniambia, wafiwa hawafanyi.

Himo kuelekea Marangu

Tuliacha barabara kuu Himo, tukaanza kupanda. Kabla ya nusu ya njia tuliona kundi la watu linashuka. Mbele walikuwa wapagazi sita wa mlimani, na viatu vyao vya kazi, wameshika ile machela ya zamani ya gurudumu moja wanayoteremshia wageni walioshindwa na mlima. Juu ya machela kulikuwa na mtu amefunikwa blanketi, na juu ya mtu kulikuwa na mwavuli.

Mwavuli ule niliununua mimi.

Sijui nilifunguaje mlango. Deo anasema gari lilikuwa bado linatembea. Nilikimbia nikipiga kelele, "Mama, Mama," na kichwani nilikuwa nimeshamzika, nimeshajilaumu.

Mwavuli ukainuka. Mama alikuwa amekaa wima, amevaa kitenge kipya, mguu umenyooka mbele yake.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba," akasema. Alikuwa anatazama nyuma yangu, kwenye taa, kwenye kitambaa chekundu, kwenye lile shuka. Uso wake ukabadilika. "Anaeli. Umetuletea nani?"

"Kinanda, Mama. Na wewe wanakupeleka hospitali gani?"

"Hospitali ya nini? Naenda Kibosho."

Wapagazi walikuwa wamekadiria siku mbili, na kulala Kiboriloni. Mama alitoa kikaratasi kifuani akanipa. Mwandiko wa karani wa chama: *Mwalimu kapata stesheni. Wageni Krismasi.*

Nyumbani walikisoma mara nyingi. Wageni kwetu Marangu ni kitu kimoja, wazungu wa kupanda mlima. Wakakubaliana kwamba nimepata kazi kwenye stesheni fulani huko Dar, ya kupokea wageni wakati wa sikukuu, na siji. Mama Neema alisema nilikuwa nimechanganyikiwa tangu siku niliyoanza kupima mguu wa mtu kwa kijiti. Mama alingoja Krismasi ipite, huenda nikatokea. Kisha akamwita jirani yetu Elia, kiongozi wa wapagazi wale.

"Nikasema, kama mwanangu anabeba wageni," Mama aliniambia, "na mimi nitafute wanaobeba wageni."

Nilipiga magoti pale barabarani, na suruali yangu ya Dar, nikamwomba radhi. Nilimweleza kwamba ni jina la gari. Alisikiliza hadi mwisho.

"Wageni wana miguu yao," akasema. "Gari hilo lina nafasi yangu, au lina nafasi ya huyo marehemu wenu?"

Hilo lilikuwa swali la haki. Tukateremsha sanduku. Elia na wenzake wakalipokea, wakalilaza kwenye machela, wakalifunga kamba kwa ustadi wao, na shuka wakalirudishia. Wakageuza kupanda nalo kanisani kwetu. Yale mliyoyaona ninyi siku ile, mkasimama kando na wengine mkaanza wimbo, ni hayo.

Mama tulimwingiza miguu kwanza. Mguu wa kulia ukaenda, ukaenda, ukafika mwisho, na kiganja kikabaki. Akapapasa bati la juu, akapapasa kioo. Akasema twende.

Kibosho

Moshi mjini aliomba Deo apunguze mwendo aone duka moja alilokuwa akinunua vitambaa, na duka halikuwepo tena, akasema twende. Barabara ya kupanda Kibosho ilikuwa tope, migomba imeinama hadi kwenye kioo, na Deo alizungusha usukani huku akiwaamkia watu wote kwa majina.

Mama mkubwa Ansila alikuwa amekaa mlangoni kwake juani. Macho yake yamekwisha. Sisi hatukuwa na habari. Aligeuza uso kuelekea mlio wa gari na kuuliza kwa Kichaga nani amekuja.

Nilitaka kujibu. Mama akanikataza kwa mkono. Aliukataa hata mkono wangu wa kumtegemeza. Alikwenda na fimbo yake, hatua kwa hatua, mguu ukiburuza, akakaa kwenye benchi ubavuni pa dada yake, akamwekea kiganja chake mapajani.

Mama mkubwa alikishika kile kiganja. Akapita kidole kimoja kimoja, hana haraka. Mimi ikabidi nitazame migomba.

"Umechelewa," akasema.

"Nimechelewa," Mama akajibu.

"Kila Krismasi wakichinja, nawaambia wakuwekee fungu lako. Miaka tisa. Linakaa juu ya moto linakauka hadi nawapa watoto. Mwaka huu nikasema siweki. Nimechoka kuonekana mjinga na wakwe zangu."

Mama akaegemeza fimbo yake ukutani.

"Halafu," Mama mkubwa akasema, "nikaweka."

"Liko wapi?"

"Liko jikoni."

"Basi waambie walilete," Mama akasema. "Nina njaa."